Senti kumi yenye tundu: hitilafu ya mafuta iliyowasumbua marubani wa Spitfire

Leo naiweka kompyuta kando, niongelee kabureta. Lakini mtanifahamu, mtu aliyezoea kutafuta hitilafu kwenye programu haachi tabia yake hata akishika spana.

Kila aliyewahi kufungua kabureta ya pikipiki anakumbuka kile kibakuli chenye boya ndani. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano izibe njia. Petroli ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Hakuna umeme wala kipimo, na bado linafanya kazi usiku na mchana. Linaamini jambo moja tu: kwamba chini ni chini. Kwa pikipiki hilo ni kweli hadi siku utakapoanguka nayo. Kwa ndege ya kivita si kweli hata kidogo.

Turudi mwaka 1940. Ndege za Waingereza, Hurricane na Spitfire, zilitumia injini ya Rolls-Royce Merlin, silinda 12, na kabureta yake ya SU ilikuwa ya boya. Wajerumani nao walikuwa na Messerschmitt Bf 109 yenye injini ya Daimler-Benz DB 601, ambayo mafuta yake yalipulizwa kwa pampu moja kwa moja ndani ya silinda. Rubani Mjerumani akifukuzwa alisukuma usukani mbele ghafla na kupiga mbizi. Mwingereza akimfuata vivyo hivyo, injini ilikohoa na kukata. Ilipozinduka, adui alikuwa amekwisha kwenda zake. Na kama Mwingereza ndiye aliyekuwa anakimbia, basi hesabu ilikuwa mbaya zaidi.

Marubani walijifunza njia ya kuzunguka tatizo: kwanza pindua ndege iwe kama chali, halafu vuta usukani, hapo mafuta yanabaki mahali pake. Iliwasaidia, lakini ilikula muda, na angani muda ndio uhai.

Sasa, kwa nini injini ilikata? Jibu la haraka ni "ilikosa mafuta", na hapo wengi wetu tungefunga faili twende kunywa chai. Kumbe hitilafu zilikuwa mbili, moja nyuma ya nyingine. Ndege inapoinamisha pua ghafla, vitu vyote ndani yake hurukia juu, kama abiria wa matatu kwenye tuta. Petroli iliruka juu ya kibakuli, mianya ya kunyonyea ikabaki na hewa tupu, injini ikapungukiwa kwa muda mfupi. Hiyo ya kwanza ilikuwa ndogo. Lakini kumbuka lile boya. Kwa kuwa juu imekuwa chini, nalo lilifuata mkondo na kuiacha sindano wazi kabisa. Pampu ikamimina kwa nguvu zake zote, mafuta mengi kuliko injini iwezavyo kuchoma. Moshi mweusi ukatoka, injini ikazama katika petroli yake yenyewe. Hii ya pili ndiyo iliyokata nguvu kwa muda mrefu. Aliyeona njaa tu, asione mafuriko, angeongeza mafuta na kuharibu zaidi!

Aliyeleta dawa alikuwa Beatrice Shilling, mhandisi katika taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege huko Farnborough. Alizaliwa mwaka 1909, akasomea uhandisi wa umeme Manchester, na mwaka 1934 alizunguka uwanja wa mashindano wa Brooklands kwa pikipiki ya Norton kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa. Mtu wa namna hiyo huhitaji kumweleza kabureta ni nini.

Hakusubiri kabureta mpya. Alijiuliza: injini hii, ikifanya kazi kwa nguvu zote, inahitaji mafuta kiasi gani? Kisha akaweka kwenye bomba la mafuta kizuizi kidogo cha shaba chenye tundu la kupitisha kiasi hicho tu. Baadaye kilirahisishwa kikawa washa bapa. Waliowahi kuona senti kumi ya Afrika Mashariki, ile ya kikoloni yenye tundu katikati, wanapata picha. (Jina lake Shilling, kazi yake senti kumi. Samahani, nimeshindwa kujizuia.) Sindano ikiachwa wazi, mafuriko hayaji, kwa sababu tundu halipitishi zaidi. Sisi watu wa seva tunafanya jambo hilo hilo tunapoweka kikomo cha maombi kwa sekunde.

Na uzuri ni kwamba kilifungwa bila kuiondoa ndege kazini. Mapema mwaka 1941 Shilling na kikundi kidogo walizunguka kutoka kituo hadi kituo wakivifunga. Angalieni tarehe lakini: vita vya angani juu ya Uingereza vilikuwa kati ya Julai na Oktoba 1940. Wanaosimulia kwamba kitundu hiki ndicho kilichoshinda vita hivyo wanampa sifa asiyoihitaji. Vijana wa 1940 walipigana na hitilafu ikiwa bado ndani ya injini.

Wala tusiwacheke Rolls-Royce. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa inayoingia, na hewa baridi ni nzito zaidi, hivyo injini hupata nguvu. Walijua walichochagua. Ubaridi huo huo hadi leo unawasumbua marubani wa ndege ndogo zenye kabureta, kama Cessna 172 za zamani: hata siku ya nyuzi 20, hewa ikiwa na unyevu mwingi, barafu huweza kujijenga kooni mwa kabureta na injini ikafifia. Ndiyo maana pale mbele ya rubani kuna kitasa cha kuleta hewa moto.

Kizuizi hakikutibu kila kitu. Kuruka kichwa chini kwa muda mrefu bado kulishindikana, hadi kabureta za shinikizo za Bendix-Stromberg, zisizotegemea boya, zilipofungwa kwenye Merlin za baadaye mwaka 1943. Shilling aliendelea Farnborough hadi alipostaafu mwaka 1969, akafariki mwaka 1990. Tangu 1938 alikuwa Bibi Naylor, mke wa mtu, lakini mafundi waliendelea kukiita kile kitundu kwa jina la Bi. Shilling, na jina hilo ndilo lililobaki.