Kipimo cha Mate Kivu Kusini: Kutoka UKIMWI hadi Mpox

Kinywa kina dalili chache za ugonjwa kuliko damu. Kingamwili za virusi vya UKIMWI zilizomo kinywani ni sehemu ndogo sana ya zile zinazozunguka kwenye mishipa, na hata hizo chache hazipatikani kwa wingi katika mate yanayotemwa. Nyingi huchuja taratibu kutoka kwenye vishipa vyembamba vya ufizi na vya upande wa ndani wa shavu. Historia ya vipimo vya haraka vya kinywa ni historia ya kuhangaika na uchache huo. Kivu Kusini, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambalo makao yake makuu ni Bukavu, limekutana na tatizo hilo kupitia magonjwa matatu tofauti.

Wataalamu wa maabara huita usikivu uwezo wa kipimo kuwanasa wote wenye ugonjwa. Kipimo chenye usikivu wa asilimia 90 humwachia mgonjwa mmoja katika kila kumi aende zake akiamini yu mzima. Jambo hilo halikuwa zito sana wakati upimaji wote ulipotegemea damu. Mradi wa utafiti wa Projet SIDA, ulioanza Kinshasa mwaka 1984 katika hospitali ya Mama Yemo, ulifanya kazi kwa damu. Shida iliyoonekana mapema ilikuwa nyingine: mashine, umeme na saa nyingi za kusubiri, vitu ambavyo hospitali za mbali na mji mkuu hazikuwa navyo.

Mate yaliingia kwa mlango wa maabara. Desemba 1994 Marekani iliidhinisha kipande cha pamba kilicholoweshwa chumvi, kinachowekwa kati ya ufizi na shavu. Chumvi huvuta majimaji kutoka kwenye utando wa kinywa, na hapo kingamwili huongezeka kabla kipimo chenyewe hakijaanza. Karibu miaka kumi baadaye, Machi 2004, kipimo cha OraQuick kiliruhusiwa kutumia majimaji ya kinywani na kutoa jibu kwa dakika 20. Mpimwaji hupitisha ncha ya kifaa mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye ufizi wa chini, kisha huichovya katika kichupa cha dawa. Majimaji hupanda kwenye utepe yakibeba chembe ndogo mno za dhahabu. Kingamwili zikiwapo, chembe hizo hujikusanya penye herufi T na kuchora mstari mwekundu. Mstari wa penye C huonyesha tu kwamba kifaa kimefanya kazi. Hata mstari wa T ukiwa hafifu kiasi gani, bado unahesabika.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria usikivu wa kipimo hicho kuwa asilimia 98 kwa majimaji ya kinywa, na zaidi ya 99 kwa damu ya kidole. Watu walipojipima wenyewe nchini Marekani bila kusimamiwa, ulishuka hadi karibu asilimia 92. Kifaa kilikuwa kilekile. Tofauti huenda ilitoka kwenye namna ya kuchukua majimaji, chakula kilicholiwa muda mfupi kabla, na usomaji wa mstari. Tena kuna muda wa miezi mitatu hivi baada ya maambukizi ambapo kingamwili huenda hazijatosha kuonekana. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipopendekeza kujipima mwaka 2016, lilisisitiza kwamba jibu la kuwa na virusi lithibitishwe kituoni.

Bukavu inaujua uzito wa muda huo ambapo kingamwili bado hazionekani. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, hupokea wanawake waliobakwa, na dawa za kuzuia maambukizi lazima zianze ndani ya saa 72. Katika saa hizo hakuna kipimo cha kingamwili, cha mate wala cha damu, kinachoweza kusema lolote kuhusu tukio lenyewe. Dawa huanza, na upimaji hurudiwa baadaye.

Ebola ilileta hali ya kinyume kabisa. Mlipuko uliotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 ulifika Mwenga, Kivu Kusini, Agosti 2019, na hadi ulipomalizika Juni 2020 watu 2,287 walikuwa wamefariki. Oktoba 2019 Marekani iliidhinisha OraQuick ya Ebola itumike kwa damu ya walio hai na kwa majimaji ya kinywani ya maiti. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola huwa na virusi vingi mno, kwa hiyo hata kinywa hutoa vya kutosha, na familia inayotaka kumzika ndugu yake haiwezi kusubiri siku kadhaa. Kwa walio hai mambo yalikuwa magumu zaidi. Tathmini iliyofanywa Kongo wakati wa mlipuko huo ilikuta kipimo hicho kikinasa wagonjwa wapatao sita tu katika kumi kwa damu yao, kwa kuwa siku za kwanza za homa virusi bado ni vichache.

Kisha ikaja mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vidonda vya ngozi. Septemba 2023 wagonjwa walianza kuonekana Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu kusini-magharibi mwa Bukavu. Léandre Murhula Masirika wa kituo cha utafiti cha Lwiro na wenzake walisoma vinasaba vya virusi hivyo na kukuta tawi jipya la kundi la kwanza la mpox, lililopewa jina la Ib. Waligundua pia jambo la kutia hofu maabara yoyote: virusi hivi vilikuwa vimepoteza kipande cha kinasaba ambacho kipimo maalumu cha kundi la kwanza la mpox hukitafuta. Maabara iliyotegemea kipimo hicho peke yake ingeandika kwamba mtu hana virusi vya kundi hilo huku mwili wake umejaa vidonda. Kipimo cha jumla cha mpox kiliendelea kufanya kazi, ndiyo maana ugonjwa ulionekana.

Huko Barcelona mwaka 2022, vinasaba vya virusi vilikutwa katika mate ya wagonjwa wote 12 waliochunguzwa. Matumaini ya kipimo cha haraka yalikuwa na msingi. Hata hivyo, vipimo vitatu vya utepe vilivyojaribiwa Kongo na Uingereza mwaka 2024 vilinasa chini ya robo ya wagonjwa. Utepe unasubiri protini iliyopo tayari, hauwezi kuiongeza. Mashine ya GeneXpert, ambayo vituo vya Kongo vilikuwa tayari vinaitumia kwa kifua kikuu, huzidisha vinasaba mara mamilioni. Katriji yake ya mpox iliidhinishwa na OMS kwa matumizi ya dharura Oktoba 2024, kwa majimaji ya vidonda, na hutoa jibu kwa muda usiozidi dakika 40 hivi. Inahitaji umeme wa uhakika na katriji zisizokatika, jambo lililozidi kuwa gumu vita vilipofika Bukavu Februari 2025.

Njia za kuziba pengo kati ya utepe na mashine zinajulikana. Chuo Kikuu cha Yale kilionyesha mwaka 2020, kupitia SalivaDirect ya UVIKO-19, kwamba mate yaliyotiwa kimeng'enya na kupashwa moto yanaweza kuingia moja kwa moja kwenye hatua ya kuzidisha vinasaba, bila dawa ghali za kuvisafisha. Mbinu ya LAMP huzidisha vinasaba kwa joto moja lisilobadilika, kwa hiyo betri ndogo hutosha. Kwa upande wa utepe, chembe zinazong'aa zimeanza kutumika badala ya dhahabu ili mstari hafifu usomwe na kifaa badala ya jicho. Kwa mpox, OMS inaendelea kuagiza majimaji ya kidonda yachukuliwe kwanza, na usufi wa kooni utumike pale tu ngozi haina kidonda. Jibu la kutokuwa na virusi lililotoka kooni peke yake halitoshi kumwondoa mgonjwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa.