Dubai: Mila na kanuni ambazo msafiri hana budi kuzifahamu

Dubai ni mojawapo ya falme saba zinazounda Umoja wa Falme za Kiarabu, muungano ulioasisiwa Desemba 2, 1971. Kwa miaka mingi, wafanyabiashara wa Eastleigh na Mombasa wamekuwa wakifurika katika mtaa wa Deira kununua nguo, simu na vipuri vya magari. Wengi wao hujifunza bei kabla ya kujifunza sheria, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Jambo la kwanza ni yaliyomo mkobani. Miraa, ambayo nchini Kenya ni zao halali linalowalisha wakulima wa Meru, huhesabiwa huko kuwa dawa ya kulevya. Anayenaswa nayo katika uwanja wa ndege hawezi kujitetea kwamba kwao huuzwa kando ya barabara. Tambuu nayo, ambayo wakazi wa Mombasa huitafuna bila wasiwasi, hairuhusiwi kuingizwa.

Hata dawa za hospitali zinaweza kumponza mtu. Tramadol na dawa za kikohozi zenye kodeini zinadhibitiwa vikali. Mgonjwa anayezihitaji anapaswa kubeba cheti cha daktari na kuomba kibali cha wizara ya afya ya nchi hiyo kabla ya kusafiri.

Kuna pia mtego wa viza. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata wakala aliyemtoza pesa akimhakikishia kwamba mambo yatanyooka akishafika. Muda wake ukiisha, faini huongezeka kila siku, na asiye na nauli ya kurudi nyumbani hujikuta katika deni asiloweza kulilipa.

Kwa anayekwenda kununua dhahabu, Soko la Dhahabu la Deira lina utaratibu wake. Bei ya gramu hutangazwa kila siku kulingana na soko la dunia, hivyo kubishania bei hiyo ni kupoteza wakati. Kinachopunguzwa ni gharama ya ufundi, yaani malipo ya kuufua mkufu au bangili, na hapo mnunuzi asione haya kuvutana na muuzaji. Stakabadhi ionyeshe uzito, karati na gharama hiyo kila moja peke yake. Katika soko la viungo lililo karibu, bei ya kwanza ni ya kuanzia mazungumzo tu.

Adabu za wenyeji hazitakuwa ngeni kwa mtu wa Pwani. Mkono wa kulia ndio unaotumika kupokea na kula. Mwanamume humngoja mwanamke anyooshe mkono kwanza. Asiponyoosha, salamu ya mdomo inatosha. Mgeni hukaribishwa kwa tende na kahawa yenye iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono, na mwenyeji huendelea kumimina hadi mgeni akitikise kikombe kuashiria kuwa ametosheka.

Tangu Januari 2022, mapumziko ya wikendi ni Jumamosi na Jumapili, na ofisi za serikali hufunga Ijumaa adhuhuri. Maduka mengi ya masoko ya zamani hufungwa wakati wa sala ya Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani, mgeni hutarajiwa kutokula, kutokunywa wala kuvuta sigara hadharani mchana, ingawa mikahawa mingi huendelea kuhudumu.

Pombe huuzwa katika maeneo yenye leseni kwa waliotimiza miaka 21, lakini katika ufalme jirani wa Sharjah imepigwa marufuku kabisa. Kumpiga mtu picha bila ridhaa yake ni kosa. Tusi lililoandikwa kwenye WhatsApp pia linaweza kumfikisha mtu mahakamani, jambo ambalo Wakenya waliozoea kurushiana maneno mitandaoni wanafaa kulitia akilini.

Usafiri ni rahisi. Treni za metro, zilizozinduliwa mnamo 2009, zina behewa la wanawake na watoto. Mwanamume anayeliingia hutozwa faini, sawa na anayekula au kutafuna chingamu garini. Hakuna makanga wa kumkumbusha. Anayetaka kuvuka hori kutoka Deira hadi Bur Dubai hupanda mashua ndogo iitwayo abra kwa dirhamu moja, akipita kando ya majahazi yanayopakia mizigo.