Eneokazi la Kompyuta ya Pamoja: Namna ya Kulitumia bila Kuacha Nyaraka Nyuma

Mhitimu wa kidato cha sita anayeomba mkopo wa elimu ya juu, mkulima anayehitaji nakala ya Kitambulisho cha Taifa na mzazi anayehakiki cheti cha kuzaliwa cha mwanawe RITA wana jambo moja linalowaunganisha: mara nyingi kompyuta wanayoitumia si yao. Katika mji mdogo kama Ndanda, wilayani Masasi, chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, kazi kama hizo humfikisha mwananchi kwenye duka la steshenari, ofisini au kwa jirani. Anachokiacha kwenye skrini, anayefuata hukikuta.

Skrini inayoonekana baada ya kompyuta kuwaka huitwa eneokazi. Hapo huwa na aikoni za programu na nyaraka, pipa la taka, pamoja na ukanda, kwa kawaida upande wa chini, unaoonesha programu zilizofunguliwa. Wengi hudhani eneokazi ni pambo la skrini tu. Kwa hakika ni folda kama folda nyingine, iliyomo ndani ya akaunti ya mtumiaji. Waraka uliohifadhiwa hapo haundoki kwa kufunga dirisha wala kwa kuzima kompyuta.

Katika mfumo endeshi wa Windows, aikoni yenye mshale mdogo kwenye kona ni njia ya mkato. Kuifuta hakuondoi programu inayoelekezwa. Aikoni isiyo na mshale huo yaweza kuwa waraka wenyewe, hivyo isifutwe kwa kubahatisha.

Madirisha yanapojaa, kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi D huonesha eneokazi mara moja. Alt na Tab humwezesha mtumiaji kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine. Kitufe cha nembo pamoja na L hufunga skrini, na akaunti yenye nywila haitafunguka bila nywila hiyo. Ni hatua ya sekunde moja, lakini husahaulika mtu anapotoka kupokea simu.

Mzee asiyeona vizuri hana haja ya kuinamia skrini. Katika Windows 10, mipangilio ya ufikivu huruhusu maandishi kukuzwa hadi asilimia 225, na aikoni za eneokazi hukua kwa kushikilia Ctrl huku gurudumu la kipanya likizungushwa. Lugha nayo hubadilika: toleo hilo lina kifurushi cha Kiswahili. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya maboresho ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kiswahili katika kompyuta si jambo geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kazi kubwa zaidi ni ya kuondoka. Mwananchi anashauriwa kwanza kutoka kwenye akaunti yake ya mfumo aliotumia, si kufunga dirisha pekee, na kukataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila. Kisha afungue eneokazi na folda ya faili zilizopakuliwa, ambamo nakala nyingi hujificha, anakili zilizo zake kwenye flashi na kuzifuta. Kufuta kwa kawaida hupeleka faili kwenye pipa la taka tu, na yeyote aweza kuirudisha. Shift pamoja na Delete huifuta bila kupitia pipa hilo. Faili iliyofutwa kwenye flashi kwa kawaida haipiti pipani, kwa hiyo ni vema kuhakikisha ni ipi inayofutwa. Nakala iliyochanganuliwa na mwenye duka huweza kubaki katika folda nyingine. Mwenye waraka ana haki ya kuomba ifutwe mbele yake.

Mwenye kompyuta naye ana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa lengo hilo. Akaunti tofauti kwa ajili ya wateja, isiyo na mamlaka ya msimamizi, hutenganisha nyaraka zao na za biashara, na eneokazi la akaunti hiyo ni rahisi kukaguliwa kila jioni kabla ya kufunga duka.