Mshahara wa Amri ya Muda: Neno Juu ya Kiasi na Ziada

Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, penye boma la wilaya. Walikuwa wakipinga mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu, ambayo machifu wa Upare na serikali ya kikoloni waliiongeza juu ya kodi ya kichwa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walifanya maandamano yao na kutembea hadi Same kuwadai waume zao. Hatimaye mbiru iliondolewa. Mara nyingi tumeisimulia habari hii kama ushujaa, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini yafaa pia tukumbuke jambo moja ambalo husahauliwa: watu wale hawakukataa kodi kwa kuwa ni kodi. Walitenga kiasi walichokiona cha haki na ziada waliyoiona kuwa dhuluma.

Utengo huohuo ndio tunaouhitaji katika swali lenye kusumbua waajiri na waajiriwa hadi leo. Mfanyakazi ameachishwa kazi, ameshtaki, na mahakama ikaamuru kwa muda kwamba aendelee kulipwa hadi shauri liishe. Shauri likiisha kwa mwajiri kushinda, je, fedha zile zirudishwe?

Sheria ya zamani yajibu kwamba zirudishwe. Mwaka 1871, katika rufaa iliyotoka Hong Kong, Kamati ya Mahakama ya Baraza la Malkia huko London ilisema kwamba wajibu wa kwanza wa mahakama ni kuhakikisha tendo lake lenyewe halimdhuru mdai wala mdaiwa. Kilichotolewa kwa hukumu iliyotenguliwa kirejee, tena pamoja na riba. Kanuni hiyo iliandikwa katika kifungu cha 144 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya mwaka 1908. Waingereza walipopanga mahakama za Tanganyika mwaka 1920 walileta sheria nyingi za India, na hiyo ikiwamo. Bunge letu lilipotunga sheria yetu wenyewe mwaka 1966, kanuni ilibaki, sasa katika kifungu cha 89. Kwa hiyo hakimu wa Same na hakimu wa Bombay wamekunywa kisima kimoja.

Ila India yenyewe ilikwenda mbele zaidi, nasi hatujaifuata. Mwaka 1982 sheria yake ya migogoro ya viwanda iliongezewa kifungu cha 17B: mwajiri anayepinga mahakama kuu tuzo ya kumrejesha mtu kazini sharti amlipe mshahara kamili wa mwisho aliokuwa akipata, maadamu mtu huyo hana kazi nyingine. Mahakama Kuu ya Rufaa ya huko ilieleza kwamba fedha hizi ni riziki, wala hazidaiwi hata mwajiri akishinda. Lakini katika shauri la Dena Bank dhidi ya Ghanshyam la mwaka 2001 ilibainisha kwamba mahakama ikiamuru malipo yaliyo juu ya mshahara huo, ile ziada yaweza kudaiwa. Riziki hubaki, ziada hurudi.

Kwetu Tanzania mambo hayajanyooka hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, yamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe ujira, isipokuwa uliozidi kwa kosa la hesabu. Malipo ya amri ya muda si kosa la hesabu. Yalilipwa kwa makusudi, kwa kutii mahakama. Mwajiri basi asijikatie mwenyewe katika mshahara. Njia yake ni kurudi mahakamani na kuomba marejesho.

Sisi wa kanisa hatuwezi kuzungumza kama watazamaji. Dayosisi ya Pare, iliyoanzishwa mwaka 1975, ni mwajiri, na wajumbe wa mabaraza yetu huketi upande wa mwenye deni la kudai. Torati yaruhusu kuweka rehani vazi la maskini, lakini yaamuru lirudishwe jua likichwa, kwa kuwa hana kingine cha kulalia (Kut. 22:26–27). Deni halifutwi hapo. Kinachozuiwa ni kulidai hata mtu alale uchi.

Kwa maoni yetu, amri ya muda iseme tangu siku ya kwanza ni kiasi gani kinatolewa kwa riziki na ni kiasi gani kinatolewa kwa sharti la kurudishwa. Nauguzi au mwalimu aliyekwisha kuwalipia watoto wake ada kwa fedha alizodhani ni zake kabisa hawezi kuzitoa tena shuleni baada ya miaka mitatu.