Lenzi ya Kawaida

Lenzi ya kawaida ni lenzi ya kamera ambayo umbali wake wa fokasi hukaribiana na urefu wa mstari utokao pembe moja ya fremu hadi pembe inayoikabili. Na ingawa kwa fremu ya milimita 24 kwa 36 mstari huo ni takriban milimita 43, ada iliyoshika ni milimita 50, hasa tangu kampuni ya Ernst Leitz ya Wetzlar, Ujerumani, ilipoitoa kamera ya Leica sokoni mwaka 1925 ikiwa na lenzi ya kipimo hicho. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliitumia lenzi hiyo kwa sehemu kubwa ya kazi yake.

Fadhila yake hudhihirika katika sura ya mwanadamu: mwenye lenzi pana, akitaka uso uijaze picha, hulazimika kumkaribia mtu mno, hata pua ikavimba na masikio yakarudi nyuma, ilhali mwenye milimita 50 husimama kwa staha na umbo likabaki kama lilivyo. Tena chumbani penye nuru haba, tundu lake la f/1.8 hupitisha nuru karibu mara nne ya ile ipitayo kwenye tundu dogo la f/3.5.

Anayenunua aitazame kwanza kamera yake: yenye kihisi kidogo cha APS-C huhitaji milimita 35 ili ione vivyo hivyo. Zaidi ya hapo, f/1.8 yatosha, f/1.4 huongeza gharama na uzito kuliko manufaa.