Kikojozi na Kukojoza

Katika lugha yetu shina moja la kojoa limezaa maneno mawili yafaayo kufikiriwa na waalimu. La kwanza ni kikojozi, jina la mtu alowanishaye malalo yake usingizini. La pili ni kukojoza, yaani kumsaidia mtoto akojoe. Katika la kwanza aibu ni ya mtoto. Katika la pili kazi ni ya mzazi.

Kazi hiyo ilielezwa vema na deVries na mkewe, waliochapa mwaka wa 1977 habari za Wadigo wa pwani ya Kenya. Mtoto alipopata majuma mawili au matatu, mama aliketi chini nje ya nyumba, akanyosha miguu, akampakata mtoto kati yake, akatoa sauti ya “shuu”. Mtoto akikojoa, alinyonyeshwa na kukumbatiwa. Jambo hili lilifanywa mchana na usiku, na alipotimiza miezi mitano au sita ilitazamiwa ya kuwa atakuwa mkavu.

Huko Marekani mambo yaligeuka mara mbili. Kitabu cha malezi cha Serikali, kilichotolewa kwanza mwaka wa 1914, kilihimiza mtoto azoezwe haja kwa saa maalum tangu miezi ya kwanza. Baadaye, mwaka wa 1962, daktari Brazelton alitoa habari za watoto 1,170 ambao wazazi wao waliwangojea mpaka waonyeshe kuwa tayari. Hao walipata ukavu wa usiku, kwa wastani, katika mwezi wa 33 hivi.

Je, Wadigo na Brazelton wapingana? Hasha. Mama wa Kidigo alilala na mwanawe, aliijua dalili yake, naye aliamka. Ukavu huo ni wa watu wawili. Mtoto alalaye peke yake hana budi kungoja mwili wake mwenyewe ukomae, kibofu kiweze kuhifadhi mkojo, au ubongo uweze kumwamsha.

Twayasema haya kwa kuwa hapa Njoro, Moshi, mama mmoja alitujia akiona haya. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa akichapwa kila asubuhi kwa ajili ya godoro bichi, na tangu hapo alikuwa akiogopa kulala. Nasi tulikumbuka, kwa majuto, watoto wa bweni tuliowacheka zamani kwa jina lile la kikojozi.

Tulimwambia ya kuwa madaktari hawahesabu jambo hili kuwa ugonjwa kabla ya miaka mitano, na ya kuwa mara nyingi hurithiwa. Amkojoze kabla ya kulala, asimnyime maji mchana, aangalie asifunge choo, wala asimpige, maana aliyelala hakukusudia. Lakini aliyekuwa mkavu miezi sita kisha akarudia, au aonaye maumivu au kiu isiyokwisha, apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Wahenga walisema, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi, ndugu waalimu, kabla ya kumwita mtoto kikojozi, tuulize kwanza kama yuko aliyemkojoza.