Karata ya kuanzia dhidi ya bila turufu

Karata ya kuanzia dhidi ya bila turufu ni karata ya kwanza inayochezwa katika briji baada ya mnada kwisha kwa mkataba usio na turufu. Huchezwa na mlinzi aliye kushoto kwa mwenye mkataba. Wakati huo mlinzi huyo ameona karata 13 tu, zile za mkononi mwake; karata za mezani hufunuliwa baada ya yeye kucheza. Kwa hiyo huchagua karibu gizani, akiongozwa na mambo aliyoyasikia katika mnada. Hata hivyo, mara nyingi uchaguzi huo ndio unaoamua kama mkataba utatimia au utaanguka.

Misingi na majina

Briji ni mchezo wa watu wanne wanaocheza wawili wawili kwa karata 52. Wachezaji hutajwa kwa nafasi zao: Kaskazini na Kusini ni wenza, Mashariki na Magharibi ni wenza. Kila mmoja huweka karata moja kwa zamu. Karata hizo nne hufanya duru moja, na karata kubwa kuliko zote katika aina iliyoanzishwa huila duru hiyo, isipokuwa kama kuna turufu. Aina ni nne: shupaza, kopa, uru na pau. Majina haya, pamoja na neno turufu lenyewe, yaliingia katika Kiswahili kutoka Kireno, karne nyingi kabla ya briji kuwapo. Katika makala hii A ni ree, K ni mfalme, Q ni malkia na J ni ghulamu.

Katika mnada kila upande hutaja idadi ya duru unazoahidi kula. Upande unaoshinda mnada hupata mkataba: mmoja wao huwa mwenye mkataba, na mwenzake hulaza karata zake wazi mezani. Wale wengine wawili ni walinzi. Mkataba wa 3 bila turufu huhitaji duru 9, hivyo walinzi wakila duru 5 mkataba umeanguka.

Mkataba huu ni wa kawaida sana kwa sababu ya hesabu ya pointi. Katika briji ya leo, ambayo msingi wake ni kanuni zilizotungwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, duru ya kwanza ya bila turufu inayohesabiwa huleta pointi 40 na kila inayofuata 30. Kwa hiyo 3 bila turufu hufikisha pointi 100, kiwango cha kupata zawadi kubwa. Kwa uru au pau kiwango hicho huhitaji duru 11. Kutokana na hayo, wenye uru au pau nyingi hupenda kucheza bila turufu, na mlinzi anapaswa kulikumbuka jambo hilo anaposhika karata ya kwanza.

Mbio za kusimamisha karata ndogo

Palipo na turufu, mwenye mkataba anaweza kuikata aina ndefu ya walinzi. Bila turufu hawezi. Mlinzi mwenye shupaza tano akifanikiwa kuwamalizia wengine shupaza zao, hata 3 yake inakula duru. Kufanya hivyo huitwa kusimamisha aina. Lakini mwenye mkataba naye ana aina yake anayotaka kuisimamisha. Hizi ni mbio, na walinzi ndio wanaotangulia kwa hatua moja, kwa kuwa wao ndio wanaoanza. Anayechagua aina isiyofaa huipoteza hatua hiyo, na aghalabu hairudi tena.

Kusimamisha peke yake hakutoshi. Baada ya karata ndogo kusimama, mwenye nazo lazima apate njia ya kushika zamu ili azicheze. Njia hiyo, kwa kawaida A au K katika aina nyingine, inaweza kuitwa mlango. Aina ndefu isiyo na mlango ni kama ghala lililojaa ambalo ufunguo wake umepotea. Vitabu vingi vya wanaoanza husisitiza urefu wa aina na kupita haraka kwenye mlango, ilhali hapo ndipo makosa mengi hutokea.

Karata ya nne kutoka juu

Desturi ya zamani ni kuanza na aina ndefu na imara zaidi, na kucheza karata ya nne kutoka juu. Mwenye K J 7 5 3 hucheza 5. Desturi hii ilitoka kwenye wisti, mchezo uliozaa briji. Faida yake ni kwamba karata kubwa hubaki kwa ajili ya kazi ya baadaye, na mwenza hupata habari.

Habari hiyo husomwa kwa kanuni ya kumi na moja, ambayo huhusishwa na Robert F. Foster, mwandishi wa vitabu vya wisti wa karne ya 19. Mwenza hutoa thamani ya karata iliyochezwa kutoka 11. Jibu ni idadi ya karata kubwa kuliko hiyo zilizomo katika mikono mingine mitatu. Sababu yake ni hesabu nyepesi. J ikihesabiwa 11, Q 12, K 13 na A 14, karata zilizo juu ya 5 ni 14 kutoa 5, yaani 9. Aliyeanza ana tatu kati yake, basi 6 ziko kwa wengine. Mwenye mkataba naye anaweza kupiga hesabu hiyohiyo, lakini mara nyingi humfaa zaidi mlinzi.

Mfano

Kusini amefungua mnada kwa 1 bila turufu, tamko ambalo wengi hulitumia kwa mkono ulio sawia wenye pointi 15 hadi 17 (A ni 4, K ni 3, Q ni 2, J ni 1). Kaskazini amesema 3 bila turufu, na wengine wamepita. Magharibi ndiye anayeanza.

Magharibi: shupaza K J 7 5 3, kopa 10 9 8, uru A 6 2, pau 9 7
Kaskazini: shupaza 8 4, kopa Q 7 6, uru Q J 10 8 5, pau A Q 5
Mashariki: shupaza Q 9 2; kopa J 4 3 2; uru 7 4; pau J 10 6 3
Kusini: shupaza A 10 6, kopa A K 5, uru K 9 3, pau K 8 4 2

Magharibi anacheza 5 ya shupaza. Kutoka mezani inawekwa 4, na Mashariki anaweka Q. Kwa kanuni ya kumi na moja, Mashariki anajua kuwa karata sita zinaizidi 5: anaiona 8 mezani, yeye mwenyewe ana Q na 9, basi Kusini ana tatu.

Kusini ana duru saba za hakika: shupaza moja, kopa tatu, pau tatu. Nyingine lazima zitoke kwenye uru, na uru hazipatikani bila kuitoa A ya Magharibi. Akiila Q kwa A yake mara moja, Magharibi ataingia kwa A ya uru na kula shupaza nne: K, J, 7 na 3. Akikawia na kuishikilia A hadi duru ya tatu, hali haibadiliki. Mashariki anakula kwa Q na kurudisha 9, Kusini anaweka 10, Magharibi anakula kwa J, kisha anaitoa A kwa K. Mashariki hana shupaza tena, lakini haidhuru, kwa kuwa mlango uko kwa Magharibi mwenyewe. Walinzi wanakula duru 5 na mkataba unaanguka kwa duru moja.

Sasa Magharibi aanze na 10 ya kopa, karata inayoonekana salama. Kusini anakula, anaitoa A ya uru, na Magharibi akigeukia shupaza amechelewa. Kusini anaila kwa A, kisha ana uru nne, kopa mbili zilizobaki na pau tatu zinazongoja. Jumla yake ni duru 11. Karata ni zilezile, lakini uchaguzi mmoja umetofautisha duru 8 na duru 11.

Mifululizo

Mlinzi mwenye karata kubwa tatu zinazofuatana hachezi ya nne, huanza na ya juu: K kutoka K Q J, Q kutoka Q J 10, J kutoka J 10 9. Mfululizo wenye pengo dogo mwishoni, kama K Q 10 au Q J 9, huchukuliwa vivyo hivyo. Karata ndogo kutoka K Q J ingempa mwenye mkataba duru rahisi kwa 10 yake. Kuhusu mifululizo ya ndani kama K J 10 na mikono yenye A K, wenza hukubaliana kabla ya mchezo. Makubaliano hayo si siri. Wapinzani wana haki ya kuyauliza.

Kusikiliza mnada

Mwenza akiwa ametaja aina katika mnada, kwa kawaida huanzwa na aina hiyo. Mwenye karata mbili hucheza ya juu. Mwenye tatu zenye karata kubwa, kama K 6 3, hucheza ndogo ili K imsubiri mwenye mkataba. Kuiacha aina ya mwenza huhitaji sababu nzito, kwa mfano mfululizo mzuri pamoja na mlango wa hakika. Aina iliyotajwa na wapinzani kwa kawaida huepukwa.

Ukimya nao husema. Katika mnada wa mfano hapo juu, Kaskazini hakutumia pau 2, tamko ambalo wengi hulitumia kumuuliza mwenza kama ana kopa au shupaza nne. Basi huenda Kaskazini mwenyewe hana aina hizo kwa wingi, na walinzi ndio wanazo. Mlinzi anayesita kati ya aina mbili zilizo sawa kwa urefu na nguvu huchagua kopa au shupaza kuliko uru au pau.

Mlinzi asiye na pointi hufikiri kwa mkono wa mwenza wake. Tuseme ana shupaza J 10 3, kopa 8 4, uru 7 6 5 4 2 na pau 9 6 3. Wapinzani wakiwa na pointi 25 hadi 27, Mashariki ana 12 hadi 14. Uru tano za Magharibi hazina maana: hata zikisimama, hatapata zamu ya kuzicheza. Milango yote iko kwa Mashariki, basi inafaa kuitafuta aina yake ndefu, na J ya shupaza ndiyo inayoelekea kuigusa.

Mlinzi asiyeanza akitamka dabo juu ya 3 bila turufu, anaomba aina fulani. Kama walinzi walitaja aina, anaomba hiyo. Kama hawakutaja, kwa wengi ni ombi la aina ya kwanza iliyotajwa na yule atakayelaza karata mezani.

Hali nyingine

Dhidi ya 6 bila turufu mbio hizi hupungua umuhimu. Wapinzani wana pointi nyingi mno, na mlinzi anayeanza chini ya K au Q yake anaweza kutoa bure duru pekee ambayo wasingeipata. Huanza kwa karata isiyotoa kitu. Kinyume chake, mtu akifungua mnada moja kwa moja kwa 3 bila turufu akionyesha uru au pau saba zisizo na dosari, ushauri wa kawaida ni kuanza na A yoyote, kutazama karata za mezani, kisha kuamua.

Aina ya mashindano nayo ina uzito. Katika mashindano ya timu mlinzi hulenga kuuangusha mkataba, hata kwa gharama ya duru moja ya ziada. Katika mashindano ya jozi kila duru huhesabiwa, hivyo karata salama hupanda thamani.

Desturi ya karata ya nne ilitikiswa mwaka 2011, David Bird na Taf Anthias walipochapisha kitabu kilichojaribu karata za kuanzia kwa kuzichezesha kwenye kompyuta mara maelfu. Walionyesha kuwa kuanza na kopa au shupaza fupi, hata mbili tu, mara nyingi hufaa kuliko kuanza na aina dhaifu ya karata nne. Wakosoaji hukumbusha kwamba kompyuta hiyo huwachezesha wote kana kwamba wanaona karata zote 52, jambo lisilotokea mezani.

Kwa sheria ya mchezo, karata ya kuanzia huwekwa kwanza ikiwa imefunikwa. Mwenza hupata nafasi ya kuuliza kuhusu mnada bila kumshawishi anayechagua, na ikibainika kuwa aliyeiweka si mwenye zamu, karata hurudishwa mkononi. Ikiwekwa wazi na asiye na zamu, mwenye mkataba anaweza kuikubali, au kuikataa na kumwamuru mlinzi mwenye zamu aanze na aina hiyo au asianze nayo.